Chaki ya Rehema, Tabora

Shikamoo bibi yangu,

Tabora kuna joto kali, ila asali yake ni tamu kweli. Jana kwenye mazoezi ya sarakasi, mwenzangu Rehema aliteleza kwenye kamba kwa jasho la viganja. Godoro lilimwokoa, lakini akagoma kupanda tena. Nikamsugua mikono kwa chaki ya magnesiamu kaboneti, inayokausha jasho.

"Hiyo ni ya ubaoni?" akauliza mama mmoja wa kijiji cha Ntalikwa aliyekuwa akitutazama.

"Hapana mama, ni ya kushikia kamba."

Rehema akavuta pumzi, akapanda mpaka juu, akaning'inia kwa mkono mmoja. Yule mama akapiga vigelegele, kisha akanyoosha viganja: "Nipake na mimi, kamba ya kisima huniponyoka."

Pumzika vizuri, bibi. Nakupenda sana.

Mjukuu wako,
Zawadi