Nimerudi Darasani

Namawala

Shangazi Margareta,

Shikamoo. Huku tu wazima. Mpunga umeanza kuchanua, na Eveline wangu yupo kidato cha pili.

Mwezi uliopita nilikwenda Ifakara kumsikiliza mama mmoja daktari akizungumza na wanawake ukumbini. Alisema aliacha shule kwa sababu ya mimba, kama mimi, akarudi akiwa na watoto watatu. Kisha akauliza, "Nani kati yenu bado anaota jambo aliloliacha njiani?" Nikajikuta nimesimama.

"Nataka kuwa mkunga," nikasema.

Wengine wakacheka. Yeye akaniuliza tu, "Kesho utaanza na nini?"

Kesho yake nikajiandikisha masomo ya watu wazima. Hesabu zinanitoa jasho, lakini siachi.

Beatus amenuna. Anasema mkewe akionekana na mkoba wa shule, watakaochekwa ni wawili. Nimesikia amekupigia simu uje unikanye. Karibu sana, Shangazi, kitanda chako kipo. Ila uje Jumamosi, maana siku nyingine nipo darasani.

Mwanao uliyemlea,
Wilhelmina