Maandishi Yaliyozama Chini ya Weusi

Wafula mjukuu wangu,

Sisi hapa Kabuchai tupo tu. Mahindi yamekauka kabla ya kubeba, na mama yako anakusalimu huko Doha. Umeniuliza kama yale maandishi ya dhahabu kwenye saa ya wapiga mbizi aliyoacha babangu, ambayo sasa iko kwako, ni ya asili.

Siyo. Ya asili hayakuwa rangi. Yalikuwa shaba ya uso wa saa wenyewe, iliyoachwa wazi weusi ulipopakwa kuizunguka. Nilipokuwa msichana, baba aliiinamisha juani, nikayaona yamezama kama kokoto chini ya maji. Wewe iinamishe sasa: maandishi yamesimama juu ya weusi.

Baba alipokufa, siku ya kugawa vitu vyake wazee walimpa kaka yangu ile saa. Kaka, kwa heshima, akaipeleka kwa fundi Kitale ifanywe mpya. Fundi akakwangua uso wote, akaandika upya. Mama aliishika, akauliza, "Na hii ni ya nani?"

Kaka alirudi Kitale mbio. Fundi alikuwa ameshafagia vumbi la uso ule wa zamani.

Usinitumie picha yake tena, mjukuu wangu. Bado inang'aa vile ilivyong'aa siku ile iliporudi kutoka kwa fundi.

Ni mimi nyanyako,
Kukhu Nasimiyu