Kabange Anapopotelea

Mtaa wa Kataki,
Kalemie,
14 Juni 2024

Mpendwa Yaya Kyungu,

Leo nakuita Yaya, kama mdogo anavyomwita mkubwa wake, lakini usizoee. Kunitangulia kutoka tumboni hakukufanyi mzee.

Kile kifua kilichokusumbua ulipofika Kinshasa kimepona? Huku tuko wazima, tunamshukuru Mungu. Mama anakohoa kidogo kwa vumbi la kiangazi, ila sauti ya kunigombeza bado anayo. Nakuandikia kwa sababu simu hukatika kila nikianza kusema jambo la maana. Jirani yetu Prospère anapanda ndege kesho, atakuletea.

Unaijua ile programu niliyotengenezea kituo cha afya, inayowatumia akina mama ujumbe walete watoto kwa chanjo. Ilikwenda vizuri mpaka Mama Aimée alipofika kutoka Kabimba na mapacha wake, waliopewa majina ya mapacha, Kyungu na Kabange kama sisi. Aliingia bironi ninapofanyia kazi bila kubisha hodi.

"Njo nini hii, Mama? Telefone iliita Kyungu tu. Kabange mulimutupa wapi?"

Yeye ni mkali, alileta wote wawili. Mama mwingine angemwacha wa pili nyumbani, akose chanjo kwa sababu yangu. Hilo lilininyima raha.

Nilisoma programu yote, sikuona kosa. Basi nikafungua kile chombo cha kufuatilia makosa ulichonifundisha. Zamani tulikaa wawili mbele ya mashine moja, wewe ukibonyeza, mimi nikisoma kwa sauti. Safari hii nilibonyeza mwenyewe na kujisomea mwenyewe, na kiti chako nimekiwekea mkoba.

Niliisimamisha programu pale majina yanapoingia. Kyungu yumo, Kabange yumo. Nikaisimamisha pale ujumbe unapotoka, nikamkuta Kyungu peke yake. Kwa hiyo nikaisukuma mstari kwa mstari kuanzia juu, hadi mahali nilipoandika kwamba watoto wenye mama mmoja na tarehe moja ya kuzaliwa ni mtoto yuleyule aliyeandikishwa mara mbili, abaki wa kwanza. Niliweka hivyo kwa sababu wauguzi wetu hurudia kuandika. Nilipovuka mstari ule, Kabange hakuwepo tena.

Nilicheka, kisha nikalia. Katika Kalemie nzima, nani wa kusahau mapacha? Mimi! Tangu uondoke hakuna anayetuita kwa pamoja, nami nimezoea kujihesabu mmoja. Niko mpweke, Yaya. Kwenye simu nilikuwa nakudanganya.

Mama hajazoea. Unajua mama wa mapacha hampi mmoja akamnyima mwingine. Akinikatia kitenge mimi, anakukatia na wewe shati, na mashati yamejaa sandukuni. Prospère atakupa moja. Livae, hata kama limekubana.

Mstari ule nimeurekebisha, sasa unaangalia na jina pia. Jana mapacha wa Mama Aimée walirudi, wameitwa wote wawili. Muuguzi akaita uani, "Kyungu! Kabange!" Mimi nikainuka bironi na kugeukia kiti chako, nione kama na wewe umesikia.

Nisalimie wifi yangu Chancelle na Mama mdogo Adrienne. Mungu akulinde huko uliko, na siku akikurudisha akurudishe mzima.

Akupendaye, niliyekufuata kuja duniani,
Emilie Kabange