Kauli ya Mwenye Mgahawa

Coulter Springs, 9 Machi 2007

Mpendwa Verlin,

Niwie radhi kwa kimya changu cha tangu Krismasi. Natumaini u mzima, na mkeo Opal hajambo kuliko nilivyomwona kanisani, alipolazimika kutoka nje katikati ya wimbo kwa kukohoa. Mimi ni mzima isipokuwa goti. Naandika kwa posta, ingawa nyumba zetu zinatenganishwa na mitaa miwili tu, kwa kuwa ulinitangazia mbele ya wateja nisikanyage tena mgahawani kwako. Mimi hutii nikifukuzwa.

Nikiwa diwani, nimepokea hati ya madai yako dhidi ya mji, nami nimeisoma yote. Inasema kwamba baraza letu halina mamlaka ya kukataza sigara mahali pa kulia chakula, na kwamba mamlaka hayo ni ya bunge la jimbo peke yake. Jina lako liko juu kabisa, kama la mtu aliyeonewa. Maneno si yako. Ni ya yule wakili wa Chama cha Wenye Migahawa aliyetoka mji mkuu, akala nusu ya kambare wako na kuifunika nusu nyingine kwa kitambaa.

Nasikia unawaambia wazee wa meza ya dirishani kwamba dada yako anakuharibia biashara. Waulize ni nani aliyewapelekea kahawa miaka yote hii ndani ya moshi wao. Opal hajashika sigara maishani mwake, na daktari amemwambia ana mapafu ya mvutaji. Sikupiga kura ili kukukomoa. Nilipiga kura ili mkeo apumue.

Dada yako,
Imogene

20 Machi

Dada Imogene,

Salamu. Sisi tu wazima. Goti lipake dawa ya farasi, kama alivyofanya Baba. Opal anakohoa kwa sababu miti inachanua, na huyo daktari ni kijana wa mjini asiyejua majira.

Baraza lako limeshindwa kuziba shimo lililo mbele ya mlango wangu, sasa linataka kutawala midomo ya watu. Umesahau kuwa tumbaku ya shamba la Baba ndiyo iliyokusomesha ualimu? Huskins, ambaye bado analima shamba linalopakana na lile la Baba, alisema jana, "Verlin, dadako akimaliza sigara atahamia kwenye chumvi." Meza nzima ilicheka, na mimi nikacheka.

Hata hivyo tumewapiga chenga. Sheria yenu ndogo haizigusi klabu za binafsi, basi mgahawa wangu sasa ni klabu. Mteja hutia sahihi kadi mlangoni, anakuwa mwanachama, anakaa, anavuta. Wakili amesema ni halali.

Mdogo wako,
Verlin

4 Mei

Mpendwa Verlin,

Natumaini barua hii itakukuta na afya njema. Goti limepata nafuu. Dawa ya farasi inanuka lakini inafanya kazi.

Nilikuwa ng'ambo ya barabara Jumapili ile waumini walipokuja kwako kula baada ya ibada. Nilimwona Mchungaji Loftis akiisoma kadi yako. Umekulia katika kanisa hili, Verlin. Unajua kwamba tunapobatizwa huahidi kujitenga na klabu na ulevi wake, nawe ukampa mchungaji kadi yenye neno "klabu" ili apate kula maharage. Alikurudishia kalamu kama mtu anayerudisha panya aliyekufa. Kanisa zima likamfuata hadi barabara kuu kula kuku wa mtu mwingine. Ni wewe tu ungeweza kuwafungia nje Wabaptisti siku ya Jumapili.

Na sasa jaji naye amesema. Mji una mamlaka. Kuhusu kadi zako, ameandika kwamba klabu ambayo mtu hujiunga nayo akiwa na njaa na kujitoa akishiba si klabu. Nimependa sentensi hiyo.

Opal amenipigia simu. Tangu moshi ukome, ameweza kulala chali bila kuwekewa mito mgongoni. Sikutegemea unishukuru.

Dada yako,
Imogene

11 Juni

Dada,

Sisi wazima, natumaini nawe u mzima, maana habari hizi zinahitaji moyo wenye nguvu. Chama kilikwenda bungeni. Bunge limepitisha na gavana ametia sahihi: hakuna mji utakaokuwa na sheria ya sigara iliyo kali kuliko ya jimbo, na ya jimbo inadai tu kibao mlangoni cha kuwaarifu watu kwamba ndani kunavutwa. Ya kwenu imekufa. Karatasi yake ifungieni samaki.

Wakili alinishika mkono mbele ya kamera. Wazee wamerudi, na visahani vya majivu viko mezani. Mgahawani kwangu kauli ni yangu.

Mdogo wako,
Verlin

18 Juni

Verlin,

Mimi ni mzima. Hongera.

Nilikwenda mji mkuu kusikiliza mjadala, kama unastahili jina hilo. Mbunge mmoja aliuliza Coulter Springs iko wapi. Jirani yake akamwambia, "Huna haja ya kujua," naye akainua mkono kukubali. Hao ndio waliokutetea.

Sasa usome ushindi wako vizuri, maana nadhani hukuusoma. Bunge limetunyang'anya sisi. Wewe halikukunyang'anya kitu. Sheria inauzuia mji kukukataza. Haikuzuii wewe kukataza. Kesho asubuhi unaweza kuviondoa visahani, na hakuna atakayekushtaki. Mpaka sasa ulikuwa na baraza la kulilaumu, kisha jaji. Amebaki mtu mmoja.

Najua alilokuambia Opal Ijumaa, kwa sababu alipita kwangu kwanza kujizoeza kulisema. Hataingia tena mgahawani mkiwa mnavuta.

Dada yako,
Imogene

30 Agosti

Dada Imogene,

Nisamehe kwa kimya cha kiangazi chote. Natumaini goti halikusumbui. Mimi si mgonjwa.

Nilimpigia wakili kumwomba Chama kiniunge mkono endapo nitakataza mwenyewe. Karani wake aliniuliza mimi ni nani. Nikamweleza kuhusu kesi. Akasema kesi ipi.

Jumatatu niliviondoa visahani. Huskins aliitazama meza, akakung'uta majivu kwenye sahani ya mayai, akasema, "Yaani ulishinda kesi ili ufanye alichotaka dadako?" Wakacheka. Nilicheka pia, sijui kwa nini. Kabla ya saa sita nilikuwa nimevirudisha.

Opal sasa anaoka pai nyumbani na kuzileta kwa pikapu. Haingii. Chupa ya oksijeni aliyopewa na yule daktari iko kwenye kiti cha pembeni, mrija puani. Anashusha kioo kiasi cha pai kupita, nazipokea, anakipandisha. Jana Huskins alitoka kunisaidia kubeba, sigara mdomoni. Opal akakipandisha kioo pai moja ikiwa bado mkononi mwake, akabaki ameishika, ananitazama mimi, si Huskins.

Usiniandikie la kufanya. Wewe ulikwishasema, na bunge limesema. Nikishaamua, nitakuandikia.

Mdogo wako,
Verlin