Mgonjwa Aliyeelekea Kibla

Muskat, Ijumaa, mwaka wa sitini tangu nitoke Amu.

Mjukuu wangu Salma,

Bibi yako akusalimu, na goti lake limepoa. Wauliza umwambie nini mgonjwa anayeogopa, nawe Jumatatu waanza uuguzi hapo Amu.

Siku yangu ya kwanza wodini, miaka ya hamsini, nami nikianza uuguzi hospitali ya Lamu, nilitumwa kumchukua Mzee Omari, mvuvi wa Kizingitini, akapasuliwe tumbo. Nilimkuta kalala ubavu wa kulia, kaelekea kibla, shuka hadi utosini, kama tumlazavyo maiti. Nikatamka, "Inna lillahi..."

"Nani mefa?" ikauliza sauti ndani ya shuka.

Nusura nianguke. Binti yake, Bi Mwanaisha, akasema, "Meniamuru nimlaze hivi. Asema kisu hakirudishi mtu."

Nikashika machela. Mikono ilikuwa ikinitetemeka. Mzee akafunua shuka, akaitazama mikono yangu, akacheka. "Kumbe nawe waogopa! Haya, twende sote."

Tukaenda, naye akarudi kwao Kizingitini na kovu lake.

Umeuliza pia kama nitarudi Amu nizikwe huko. Kibla hata huku ipo, mjukuu wangu. Sitarudi.

Babu yako