Uso wa Mama kwenye Ubao

Jumapili, mwezi wa kumi. Joto limetukaba tangu asubuhi. Mawingu yanakusanyika, tunaanza kuanua nguo, halafu yanatawanyika. Mvua inatufanyia maringo tu. Niko barazani kwa wazazi wangu, hapa Katuba, simu mkononi, macho mekundu. Nimelia kidogo. Wewe unayesoma, funga mdomo.

Ngoja nieleze toka mwanzo.

Kazi yangu wengine mnaijua: ninatayarisha picha kwa ajili ya mashine ya kuchonga mbao, ile inayoendeshwa na kompyuta. Mteja analeta picha ya samaki, ya msalaba, ya jina la kwaya yao. Mimi naitengeneza, mashine inachonga, na mchoro unainuka juu ya ubao mpaka unaweza kuushika kwa vidole. Watu wanadhani mashine ndiyo fundi. Wapi! Mashine haijui mtu wala samaki, inajua weupe na weusi. Penye weupe inaacha ubao juu, penye weusi inachimba, penye kijivu inasimama katikati. Basi.

Wiki iliyopita Papa alinivuta pembeni. Papa wangu aliendesha kamyo ya samaki kutoka Kasenga miaka na miaka, na ile barabara aliijua shimo kwa shimo. Sasa macho yanamzimikia. Daktari alishasema kilichopotea hakirudi, tulinde kilichobaki. Papa mwenyewe hataki maneno hayo. Yeye anasema taa za siku hizi ni mbaya.

Lakini siku ile hakuzungumzia taa. Alisema polepole: "Nadine, sauti ya mama yako niko nayo. Ni sura inaanza kunikimbia. Unitengenezee kitu ya kushika. Na yeye asijue."

Nikakubali palepale.

Utauliza: si mke wake yumo humo humo ndani, si amshike uso tu? Ee, wewe huwajui wazazi wangu. Mbele yetu sisi watoto hawajawahi hata kushikana mkono. Kanisani, wakati wa kupeana amani, wanapeana vidole tu, haraka haraka, kama majirani waliogombana. Halafu kumwomba mkeo umshike uso ni kukubali kwamba humwoni tena. Papa hawezi. Heri azungukie kwa mashine.

Nikachukua picha ya Mama nzuri kuliko zote, ile ya ndoa ya binamu yangu, zamani kidogo. Amevaa blauzi nyeupe, anacheka, uso umepakwa vaselini unang'aa. Nikaiingiza kwenye kompyuta ilivyo, kwa uvivu, nione tu itatoa nini. Mungu wangu. Blauzi ilisimama kama mlima, meno yakatoka nje, na uso wa Mama, kwa sababu ya weusi wake mzuri ule, ulizama chini kabisa. Nikageuza rangi, nyeusi iwe nyeupe. Uso ukapanda, lakini macho yakawa mashimo mawili. Nilifunga kompyuta nikaenda kununua maji baridi.

Ndiyo shida ya picha. Picha inajua mwanga ulipoangukia, haijui mfupa uko wapi. Kwa hiyo ilibidi niufute mwanga wote niuchore uso mwenyewe, kijivu kwa kijivu: ncha ya pua nyeupe kuliko pote, shavu chini yake kidogo, kona za macho nyeusi. Pale vaselini ilipong'aa kulikuwa kunatoka vinundu kama majipu, nikavilainisha. Nikalainisha tena. Na tena. Nilikuwa najipongeza, acha nikiri, nikisema hata Mama mwenyewe angeshukuru kwa ngozi hiyo.

Kabla ya kugusa ubao wenyewe, wa mulombwa, mti mgumu ambao mchwa wanauogopa, nilichonga jaribio kwenye mbao laini. Leo nimelileta, limefungwa ndani ya kitenge. Mama alikuwa bado kwenye mkutano wa kina mama kanisani. Nikamwekea Papa mapajani, pale sebuleni.

Alipitisha vidole gumba viwili, taratibu, toka kwenye paji la uso mpaka kidevu. Akarudi juu. Akashuka tena.

"Iko muzuri, mutoto wangu," aliniambia.

Haikuwa nzuri. Ninamjua Papa. Hiyo ni sauti anayotumia kushukuru kwa shati lisilomtosha. Alikuwa amemtafuta mke wake pale na hakumkuta, na alikuwa ananificha ili nisiumie. Nilitamani ardhi inimeze.

Na ndipo Mama akaingia, mkutano umevunjika mapema. Akaona ubao, akaunyakua kabla sijasimama.

"Yesu! Huyu ni nani?" Akausogeza mbali, akausogeza karibu. "Ni miye? Nadine, umenifanya bukari!"

Na ni kweli. Kwa kulainisha kule kote nilikuwa nimemtoa mviringo, laini, bila mfupa hata mmoja, bonge la bukari, yaani ugali, lililotoka sasa hivi kwenye sufuria. Ningecheka kama Papa asingekuwa ameinamisha kichwa namna ile. Nikashindwa kuvumilia. Nikasema yote, kwamba Papa ndiye aliyeniomba, kwamba anaogopa kuisahau sura yake.

Nikajua nimeharibu.

Mama aliweka ubao chini. Akafuta mikono kwenye kitenge, mikono ambayo haikuwa na kitu. Akaketi kando ya Papa, karibu, na bila kunitazama akasema: "Lete mukono."

Akauchukua, akauweka kwenye shavu lake.

"Niko hivi," alisema.

Nilipaswa kutoka. Sikutoka. Papa alianza kwenye taya, akapanda kwenye shavu, akafika chini ya jicho, na pale mkono ukasimama. Nilidhani analia. Hakuwa analia. Alikuwa anapima.

"Umekonda, Mama Nadine."

"Ni uzee."

"Hapana. Umekonda. Tangu wakati gani?"

Tangu macho yalipoanza kumsumbua, Papa anachukua sahani yake anakwenda kula chumbani, mlango umefungwa, ili tusione chakula kikimdondoka. Sisi watoto, tunaokuja Jumapili, tuliona ni heshima kumwacha. Na Mama anatugawia wote, halafu anakaa jikoni karibu na mbabula, jiko lake la makaa, sahani magotini. Hakuna aliyewahi kutazama sahani ile inarudi na nini.

Mama alivuta kona ya kitenge chake. Kisha akasema: "Muntu atakula muzuri namna gani peke yake?"

Papa hakuushusha mkono.

Hapo ndipo nilipotoka nikaja kulia hapa barazani. Wiki nzima nimekuwa na uso wa Mama kwenye kompyuta, nimeukuza mpaka jicho moja likajaza kioo kizima. Na Mama mwenyewe amekuwa akipita mbele yangu kila Jumapili, mashavu yameingia ndani, ananiuliza kama nimekula. Nilikuwa tayari kumchonga kwenye mulombwa, akae miaka na miaka, mwanamke wa kwenye picha.

Mchana wamekula sahani moja, mezani. Papa amemwaga mboga ya sombe kwenye kitambaa cheupe, Mama akamwambia hata akiwa na macho yote alikuwa anamwaga. Wamecheka wote wawili.

Kesho nitaifuta kazi yote ile. Nitamwomba Mama aketi, nianze upya kwa kumshika: taya, shavu, chini ya jicho, nijue kila mfupa unasimama wapi ndipo niguse kompyuta. Najua atanikaripia kwanza.

Nimekaa hapa najaribu kukumbuka: mara ya mwisho niliuweka mkono wangu kwenye uso wa mama yangu ilikuwa lini?