Glasi Iliyohamia Upande Wako

Baba Eliya,

Watoto wa darasa la tano nawafundisha kwamba barua huanza na hali. Mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali. Nimekaa na kalamu tangu jua lilipoanza kushuka, nikaona kanuni yangu imekwama. Mashaka yote yako huku. Wewe sijui kama unayo tena. Basi nitaandika hivi hivi, bila mpangilio, nawe utanisamehe kama ulivyokuwa ukinisamehe mboga ikizidi chumvi.

Ni miezi miwili sasa tangu tukuzike. Wageni wameisha, mikeka ya watu imerudi kwa wenyewe. Redio imeishiwa betri na sijanunua nyingine, kwa hiyo sijui dunia inaendaje. Gari lenu la mradi wa visima amepewa kijana mwingine. Akipita hapa mtaani kwetu Kikuyu hupiga honi mara mbili, kama ulivyokuwa ukipiga wewe, na mimi kila mara nainuka. Jana niliinuka hata sufuria ikaungua. Nilijisema, we mwanamke, una akili kweli? Halafu nikakaa chini nikalia.

Nataka kukueleza jambo, lakini lazima nirudi nyuma kidogo, maana mwenyewe sielewi lilianzia wapi.

Unaikumbuka chupa ya kwanza? Mzungu wako wa visima alipomaliza mkataba alikuachia, imefungwa kwenye soksi. Siku zile ruksa ya biashara ilikuwa bado changa. Sabuni ilikuwa imeanza kuonekana madukani bila foleni, nasi bado tulikuwa tunaficha viberiti chini ya kitanda tusije tukakosa. Ukaifungua kwa heshima zote, ukapiga funda moja, ukakohoa mpaka machozi yakakutoka. Ukasema, "Hii ni ya kuwashia kuni." Mimi nikaonja baada yako, ili tu nikucheke vizuri. Sikukohoa. Nikaonja tena. Ukaniuliza vipi, nikakujibu neno moja, "Kibaigwa."

Maana ilikuwa na harufu ya ghala la baba yangu kule kwetu. Mahindi makavu, magunia, mbao zilizopigwa jua, na chini kabisa sukari iliyoungulia kwenye sufuria. Ulidhani nakutania. Ukaichukua chupa ukasoma karatasi yake kwa Kiingereza chako cha mradi, ukakuta kweli imetengenezwa kwa mahindi. Iliandikwa bourbon, wiski ya Marekani, wewe ukasoma "buriboni", na hilo ndilo likawa jina lake humu ndani.

Tangu hapo ikawa desturi yetu. Saa kumi na mbili na nusu, ugali haujaiva, karanga za kukaanga kwenye kisahani, wewe na kikombe chako cha chai ya tangawizi, mimi na glasi yangu. Kipimo kidole kimoja. Sikuwahi kuzidisha vidole viwili, unajua, hata siku ile matokeo ya darasa la saba yalipotoka vibaya. Harishi akikosa buriboni dukani kwake ulininunulia nyingine, ukisema hata wiski zina makabila. Ile ya Uskoti iliyonuka moshi wa kuni mbichi, nikakwambia inanikumbusha jiko la mama yako kule Mkonze, ukasema nisithubutu kumwambia. Ile laini ya Ireland ambayo niliona haina la kusema. Kila mpya ulisogeza kiti, ukauliza, "Hii je? Haya, nielezee." Nami nikawa nakueleza, na wewe unacheka na kukoroga chai yako. Kilevi hujawahi kukipenda, lakini maelezo yangu uliyapenda. Hilo ndilo nililoliamini, angalau.

Sasa habari ya hodi. Wewe ndiye uliyeanza, na hilo nataka liandikwe. Siku ile mke wa mchungaji alipobisha, mimi nilibaki nimeshika glasi kama mwizi aliyeshikwa na kuku mkononi. Wewe ukanyoosha mkono, ukaichukua, ukanisukumia chai yako. Alipoingia alinikuta mwalimu mwenye heshima zake anakunywa chai, na mumewe, Bwana Dereva, yuko na wiski. Alipoondoka tulicheka mpaka tukashikana.

Mara ya pili lakini ni mimi niliyeisukuma. Na ya tatu, na zote zilizofuata. Ikawa mtu akisema hodi, mkono wangu unakwenda wenyewe. Glasi upande wako, chai upande wangu. Mtaa mzima haukuwahi kukukuta jioni bila glasi mkononi. Wakakuita Mzee Wiski, ukaitika.

Halafu ukaja mwaka ule waliopendekeza jina lako uwe mzee wa kanisa. Walikuja kukuangalia nyumbani mara tatu, na mara tatu walikukuta na glasi yangu. Jina likakatwa. Mwaka huohuo mimi nikachaguliwa katibu wa akina mama, nikapigiwa vigelegele. Ulisema, "Wakikosa mzee mmoja kanisa halitaanguka." Ulicheka vizuri sana. Lakini jioni ile hukumaliza ugali wako, nami niliona, nikauondoa mezani bila kusema kitu. Kwa nini sikusema? Nimejiuliza hilo mpaka kichwa kimechoka. Nilikuwa naogopa, ndiyo. Lakini pia nilikuwa nimezoea, na mazoea yana taabu.

Kuna jambo jingine linanivuruga. Miezi yako ya mwisho, wageni wakishaondoka, hukunirudishia glasi haraka. Mara mbili tatu nilikuona unakunywa. Sikukuuliza. Sasa sijui kama ulikuwa umeanza kuipenda, au ulikuwa umechoka kusingiziwa kitu usichokionja. Daktari aliandika presha. Lakini cheti cha daktari kinasomwa na nani? Watu walikuwa na glasi waliyoiona kwa macho yao.

Siku ya kumaliza matanga, Shemeji Petro alisimama kugawa vitu vyako. Baiskeli kwa huyu, buti kwa yule. Kisha akatoa hotuba. Alisema kaka yake alikuwa mtu mwema, ila chupa ndiyo iliyomwondoa, na vijana wajifunze. Akaenda kabatini akaitoa ile buriboni tuliyokuwa tumeifikisha nusu, akampa Eliya akaimwage uani mbele ya watu. Mtoto akaimwaga kwenye shina la mpapai.

Mume wangu, nikuambie kweli. Harufu iliponifikia pale mkekani, kitu cha kwanza nilichowaza ni kwamba ile aina haipatikani kirahisi. Ndiyo, hicho cha kwanza. Wewe ulikuja wa pili. Mungu anisamehe, na wewe unisamehe, maana sijui ni mwanamke wa namna gani anayewaza hivyo kwenye msiba wa mumewe.

Halafu Petro akachukua koti lako, lile la kijivu la mtumba ulilolichagua siku nzima, akamvika Eliya mabegani kama inavyopasa kwa mtoto wa kiume wa kwanza. Eliya akalivua. Akalikunja taratibu, akaliweka mapajani pangu, akasema mbele ya wote, "Sitaki kuvaa koti la mlevi."

Watu waliguna. Na mimi, mwalimu, katibu wa akina mama, ambaye kila siku nawachapa watoto wa watu kwa kusema uongo, nilivuta kanga nikafunika uso. Walidhani nalia kwa ajili ya mtoto. Koti nililitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, na lilikaa hapo muda wote huo. Eliya alikuwa nyumbani kwa likizo ya chuo na hakuligusa. Jina lako halitamki. Anasema "marehemu", kama karani wa mahakama.

Aliponiambia anaondoka Jumamosi, niliona kwamba akivuka Kibaigwa na moyo ule, atakuwa amekuzika mara ya pili, na safari hii mwenye jembe ni mimi.

Kwa hiyo jana, Ijumaa, baada ya vipindi nilikwenda kwa Harishi nikaomba buriboni, ilikuwa imebaki moja. Mguu wangu ulikuwa haujawahi kukanyaga upande ule wa kaunta wenye pombe. Akanipa pole, akauliza kwa upole kama ni ya wageni. Nikasema, "Ni yangu." Baba Eliya, ungeuona uso wa Harishi! Miaka yote hiyo alijua anamuuzia mlevi mmoja mpole. Akaanza kuizungushia gazeti kama alivyokuwa akikufungia wewe, nikamwambia aache. Nikatoka nayo kwenye kapu, imesimama, shingo nje, mimi kichwa juu. Nilipofika karibu na kanisa ushujaa ukaniisha, nikanunua mafungu mawili ya mchicha nikaifunika. Ndivyo nilivyo. Usinicheke.

Saa kumi na mbili na nusu nikakaa mahali pangu, nikajimiminia kidole kimoja. Na hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa. Haikuwa na kitu. Iliwasha koo, basi. Ghala la baba halikuwemo, sukari haikuwemo. Nilionja tena nikiwa nimefumba macho. Hakuna aliyeniuliza, "Hii je?" Nikawaza, huenda wiski sijawahi kuipenda maishani mwangu, nilipenda tu kuulizwa. Kama ni hivyo, nilikuharibia jina kwa ajili ya nini?

Eliya akarudi kutoka stendi kukata tiketi. Akasema hodi mlangoni. Mkono wangu ukaenda wenyewe, ukaisukuma glasi mpaka mbele ya kiti chako. Kiti kitupu, glasi mbele yake. Nikaitazama. Ndipo nikakumbuka kwamba ni wewe uliyemfundisha mtoto kupiga hodi hata kwao, tangu ana miaka sita, nami nikawa nakusifu kwa walimu wenzangu kwamba nyumbani kwetu kuna adabu. Haikuwa adabu. Ulikuwa unanipa muda wa kusogeza glasi.

Nikairudisha upande wangu. Alipoingia aliikuta imo mkononi mwangu, nikanywa, anaona. Nikamwambia, "Ni yangu, Eliya. Ilikuwa yangu siku zote. Baba yako alikuwa anakunywa chai." Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi mazuri, yote yakapotea.

Hakupandisha sauti. Aliuliza swali moja tu, "Hata ule mwaka waliomkata uzee wa kanisa?" Nikasema hata mwaka ule. Akaichukua glasi, akainusa, akairudisha mezani. Hakuiweka upande wangu wala upande wako, aliiacha katikati. Akaenda chumbani kwake na chakula hakula. Nikauondoa ugali mezani, kwa mara ya pili katika maisha yangu, lakini safari hii nilikwenda mlangoni kwake nikasema nisamehe. Taa yake ilikuwa imezimwa. Labda alikuwa amelala. Sijui.

Leo alfajiri nilisikia bati la geti. Hakuniaga. Nilitoka nikakuta kitanda kimetandikwa, na nyuma ya mlango msumari umebaki mtupu. Koti amekwenda nalo.

Sasa nimekaa na hilo siku nzima. Upepo wa Juni unakata, wewe unaujua, na mtoto hana sweta la maana. Huenda alilichukua kwa ajili ya baridi tu. Huenda alilichukua kwa ajili yako. Nimekwenda kuutazama ule msumari mara ngapi, kana kwamba utanieleza. Kama kesho atanichukia mimi badala yako, ni haki yake, na nadhani nitaibeba chuki hiyo vizuri kuliko nilivyoibeba ile ya kukuchukia wewe. Nadhani. Sina uhakika na lolote siku hizi, ila na koti.

Jua limezama, nami naacha kalamu kabla giza halijaanza kunikosesha mistari. Kesho baada ya ibada nitabaki na mchungaji na wazee wake, niwaambie waliyemkuta na glasi mara tatu alikuwa ananisitiri mimi. Ukatibu wakiutaka wauchukue. Kisha nitakwenda Mkonze kwa Petro, na yeye nitamwambia mbele ya mama yako, maana alichosema alikisema mbele ya watu. Nitaogopa sana. Huenda nikapitia mchicha tena. Lakini nitafika.

Pumzika, baba watoto, mnywaji wangu wa chai. Kikombe chako nimekiosha, nimekiweka mahali pake. Na kuanzia leo, mtu yeyote akisema hodi hapa kwetu, nitamkaribisha aingie, na glasi ataikuta upande wangu.

Mkeo,
Mama Eliya